UZI: Muuza vitambaa wa Toulouse, tangazo la kanisani na mzee Voltaire

Muuza Majora (mleta uzi)

Wakuu, salaam.

Juzi humu kulikuwa na ubishi ule ule wa dini. Mmoja akamrusha Voltaire, yule mwandishi Mfaransa wa karne ya 18, kama jiwe, mwenzake akamjibu kwamba Voltaire alikuwa kafiri aliyekufa akipiga mayowe. Nimesoma kurasa tano, hakuna aliyetaja kesi ya Calas, ile aliyoipigania. Ni sawa na watu kumjadili Nyerere kurasa tano bila hata mmoja kutaja Ujamaa.

Leo mvua inanyesha, Kariakoo wateja hakuna, nimekaa nyuma ya kaunta nimeamua kuandika. Mimi nauza vitambaa, huu mwaka wa 22. Naitaja kazi yangu kwa sababu habari hii inaanzia ndani ya duka la vitambaa, na kuna kifaa kimoja humo ambacho muuza majora anakielewa upesi kuliko profesa.

Toulouse, kusini mwa Ufaransa, mtaa wa Filatiers, jioni ya tarehe 13 Oktoba 1761. Duka lipo chini, familia inaishi juu. Mwenye duka ni Jean Calas, mzee wa miaka sitini na kitu, anauza vitambaa vya pamba vyenye maua, vile vilivyoigwa kutoka Bara Hindi. Yeye ni Mprotestanti, na hapo ndipo mzigo ulipo. Mfalme Henri wa Nne aliwapa Waprotestanti haki ya kuabudu mwaka 1598. Mwaka 1685 mjukuu wake, Louis wa 14, akaifuta. Tangu hapo Mprotestanti kisheria hakuwepo. Ndoa yako haitambuliki mpaka ifungwe na padri, mtoto wako abatizwe parokiani, na ukitaka uwakili lete hati ya paroko kwamba wewe ni Mkatoliki mwema.

Mtoto wa kwanza wa mzee Calas, Marc-Antoine, alisoma sheria. Akafika mlangoni, akadaiwa hiyo hati. Hana. Akarudi dukani kwa baba kupima vitambaa, miaka 28, elimu yake imeoza mkononi. Wanaofahamiana naye walisema alikuwa mtu wa kunyamaza, anapenda vitabu na michezo ya kubahatisha.

Usiku ule kulikuwa na mgeni mezani, kijana anaitwa Gaubert Lavaysse. Walikula pamoja: baba, mama, Marc-Antoine, mdogo wake Pierre na huyo mgeni. Anayepakua ni Jeanne Viguière, mfanyakazi wa ndani, Mkatoliki wa kufunga na kuungama. Marc-Antoine akainuka mapema, akashuka chini. Baadaye mgeni akaaga, Pierre akamsindikiza na taa. Kufika dukani wakamkuta kaka mtu amekufa. Koti lake limekunjwa vizuri juu ya kaunta, shati halina hata mkunjo, nywele zimechanwa.

Sasa kile kifaa. Kati ya duka na stoo kulikuwa na mlango wa mabawa mawili. Juu ya mabawa hayo ulilazwa ule mti wa mviringo wa kukazia kamba za marobota, na kamba ilifungwa hapo. Wenzangu wa majora mnaujua mti wa namna hiyo: laini, unateleza, ukiugusa unabingirika. Mtu aliyetulia anaweza kuuweka pale na ukakaa. Lakini niambieni, kijana mwenye nguvu anapigania roho yake, watu wamemshika, mabawa ya mlango yanayumba, na mti umekaa tu juu? Mimi sijasoma sheria, ila huo mti mimi nisingeupita.

Baba alipolia na kutulia kidogo, alifanya kosa lililomuua. Alimwambia Pierre asiseme kwamba ndugu yake amejinyonga. Enzi hizo aliyejiua alihukumiwa akiwa maiti. Aliburutwa mitaani kifudifudi halafu akatundikwa, watu wakirusha matope. Baba gani atakubali? Basi wakasema wamemkuta chini, labda kauawa na mtu aliyeingia. Siku mbili tatu baadaye wakasema ukweli, lakini uongo ulishaandikwa.

Huku nje watu wamejaa. Kwenye giza sauti moja ikapaza: wamemuua kwa sababu kesho alikuwa anaingia Ukatoliki! Hakuna aliyejua ni nani kasema. Diwani wa zamu, David de Beaudrigue, mwenye mamlaka ya polisi, akawakamata wote usiku ule ule. Duka hakulichunguza inavyotakiwa.

Naweka kituo, mteja kaingia.

Mzee wa Kijiweni

Mkuu usituache hapo. Nimekaa mkao wa kula.

Muuza Majora

Nimerudi. Alitaka mita tatu za satini, akakuta bei haimpendezi.

Tuje kwenye tangazo, maana hapa ndipo mimi nilipokwama wiki nzima nilipolisoma mara ya kwanza. Ushahidi haukuwepo. Basi upande wa mashtaka ukaomba kanisa litoe kile walichokiita monitoire. Ni karatasi inayosomwa na paroko kwenye misa, Jumapili baada ya Jumapili, inayowataka waumini wote wanaojua jambo, kwa kuona au kwa kusikia tu, waje waseme, la sivyo watatengwa na kanisa. Sheria ilikataza kutaja majina humo. Hawakutaja. Walieleza tu nyumba ya Kiprotestanti, kijana aliyekuwa akitaka kuingia Ukatoliki, kikao cha kuamua auawe, kamba. Kujiua hakukutajwa hata kidogo. Yaani swali lilikuja na jibu lake mgongoni.

Nitawaambia kwa nini lilinikwamisha. Nikiwa darasa la sita, mtaani kwetu kulikuwa na mama mjane, mpika vitumbua. Mtoto wa jirani akafariki ghafla. Siku ya ibada mhubiri akasema yeye hataji jina la mtu, ila wapo wanaolala chini ya bati jekundu na Mungu anawaona. Mtaa mzima bati jekundu lilikuwa moja. Hakupigwa, nashukuru. Ila vitumbua vyake vililala kwenye beseni siku ile na siku zilizofuata, na mwezi haukuisha akahama. Mimi ndiye nilikuwa natumwa kwake kila asubuhi. Nilipita mbele ya lile beseni nikaenda kununua kwingine, na alinisalimia.

Turudi Toulouse. Huku uchunguzi ukiendelea, Marc-Antoine akazikwa kama shahidi wa imani ya Kikatoliki. Mwili ukaingizwa kanisa la Saint-Étienne, mapadri wengi, Wapenitenti Weupe (chama cha waumini Wakatoliki) na kanzu zao. Kwenye ibada yao hao Wapenitenti wakatundika mifupa ya kukodi, mkono mmoja wameupa tawi la mtende, mwingine kalamu, eti anatia saini kuikana dini ya baba yake. Sasa fikiri wewe ni jaji. Kanisa limeshamtangaza marehemu kuwa shahidi. Shahidi lazima awe na muuaji.

Na mwaka wenyewe ulikuwa mbaya. 1762 ilitimia miaka 200 tangu Wakatoliki wa Toulouse walipowachinja Waprotestanti mwaka 1562, na mji ulikuwa ukiadhimisha siku hiyo kila mwaka kwa maandamano na shangwe. Februari ile ile walimnyonga mchungaji François Rochette na kuwakata vichwa ndugu watatu wa ukoo wa Grenier, wapuliza vioo, kwa kosa la kutaka kumwokoa.

Tarehe 9 Machi 1762 mahakama kuu ya Toulouse, majaji 13, ikapiga kura. Wanane wakasema Jean Calas afe. Kesho yake akateswa kwanza ili awataje wenzake, akamiminiwa maji kooni mtungi baada ya mtungi. Hakumtaja mtu. Wakampeleka uwanja wa Saint-Georges, wakamvunja mifupa kwa chuma, wakamlaza juu ya gurudumu saa mbili nzima, kisha wakamnyonga na kumchoma moto. Muda wote alisema hana hatia.

Baada ya hapo majaji wakapatwa na kigugumizi. Kama mzee peke yake, miguu imevimba, aliweza kumnyonga kijana wa miaka 28, hiyo ni miujiza. Kama alisaidiwa, basi waliomsaidia ni mke, Pierre, mgeni na yule Jeanne Mkatoliki, kwa sababu usiku ule hawakuachana. Ama wote, ama hakuna. Lakini Pierre walimfukuza mji tu, mabinti wakatiwa kwenye nyumba za watawa, waliobaki wakaachiwa. Hukumu hiyo inajikana yenyewe.

Karani Mstaafu

Ndugu mleta uzi, nimefanya kazi masjala ya mahakama miaka 31, naomba niongeze kitu. Toulouse walikuwa na hesabu ya ushahidi. Kulikuwa na ushahidi kamili, nusu, robo, hadi thumni, yaani sehemu moja ya nane. Umesikia kwa mtu aliyesikia kwa mtu? Hiyo ni thumni yako, weka hapo. Voltaire aliwacheka baadaye katika maoni yake juu ya kitabu cha Beccaria, Mwitaliano aliyeandika kuhusu makosa na adhabu, 1766: ukijumlisha minong'ono minane ya thumni thumni, wao wanapata ushahidi mmoja kamili wa kumuua mtu.

Sasa unganisha na lile tangazo. Tangazo lilikuwa linavuna thumni kutoka parokia nzima. Kinyozi kasikia kwa mteja, mteja kasikia kwa dobi. Kila mmoja anakuja kwa nia safi kabisa, anaogopa kutengwa. Hakuna anayedanganya.

Muuza Majora

Mzee wangu, shikamoo. Thumni umeniweza. Nitaliiba hilo.

Mtumishi Shambani

Bwana asifiwe. Uzi mzuri ila naona tunapakwa sisi watu wa kanisa. Huyo Voltaire si ndiye aliyesema Ukristo utakwisha ndani ya miaka 100, halafu alipokufa nyumba yake ikawa kiwanda cha kuchapa Biblia? Hilo nimelisikia kwenye mahubiri zaidi ya mara kumi. Na alikufa akilia.

Muuza Majora

Mtumishi, amina. Umefanya vizuri kulileta hilo hapa, maana nilitaka nije huko.

Hadithi ya kiwanda cha Biblia nami nimekua nayo. Fuatilia nyumba yenyewe. Voltaire aliishi Ferney, kijiji cha Ufaransa kinachotazamana na Geneva, tangu mwisho wa miaka ya 1750. Alipokufa mwaka 1778 mrithi wake, mpwa wake Madame Denis, akaiuza kwa Marquis de Villette. Leo ni mali ya serikali ya Ufaransa, ilinunuliwa 1999, unaingia kwa tiketi. Theodore Besterman, aliyesimamia makumbusho ya Voltaire kule Geneva na kuhariri barua zake zote, aliulizwa akajibu kwamba hakuna nyumba yoyote ya Voltaire iliyowahi kuwa na uhusiano na chama cha Biblia.

Halafu hebu cheka kidogo. Pale Ferney Voltaire alijenga kanisa. La kweli, la misa. Mwaka 1761, mwaka ule ule wa Calas. Juu ya mlango akaandika kwa Kilatini kwamba Voltaire amemjengea Mungu, na jina lake akaliandika kwa herufi kubwa kuliko la Mungu. Makanisa mengine yote yamejengewa watakatifu, alisema, yeye anaona heri amjengee bwana mwenye nyumba kuliko watumishi wake. Mjivuni, sawa. Lakini mkana Mungu hajengi kanisa. Ule usemi wake kwamba kama Mungu asingekuwepo ingebidi abuniwe, wengi wanaudhani ni kejeli kwa waumini. Aliwaandikia wasioamini.

Na kifo chake: mwezi Februari 1778, akiwa mgonjwa Paris, alimwandikia katibu wake mistari michache akatia saini. Anakufa akimwabudu Mungu, akiwapenda rafiki zake, bila kuwachukia adui zake, na akiuchukia ushirikina. Kanisa la Paris likamnyima kaburi. Mpwa wake aliyekuwa kasisi akaondoa mwili usiku, wamemvalisha kama mtu hai ndani ya gari la farasi, akamzika kwenye abasia (nyumba ya watawa) ya Scellières kabla katazo halijafika.

Mtumishi Shambani

Kwa hiyo mimi nimekuwa nikihubiri uvumi?

Muuza Majora

Thumni, mtumishi. Thumni tu.

Mzee wa Kijiweni

Hahaha. Sasa tuambie aliingiaje kwenye kesi. Si alikuwa mbali?

Muuza Majora

Mbali sana, na mwanzoni hakujali. Habari ilimfikia Machi 1762, na kwenye barua ya kwanza alifanya utani: sisi Wakatoliki si kitu, ila hawa Wahuguenot (Waprotestanti wa Ufaransa) ni wabaya zaidi, tena wanapinga tamthilia! Aliamini mzee alimuua mwanawe. Halafu mfanyabiashara mmoja wa Marseille aliyepita Toulouse akamwambia, bwana, yule mzee hana hatia.

Kilichofuata ndicho kinachonifanya nimheshimu. Hakuandika shairi. Alimtafuta Donat, mtoto mdogo wa Calas, aliyekuwa amekimbilia Geneva. Akakaa naye. Akamuuliza nyumbani walikuwa wakiishije, baba alikuwa akiwapiga, kaka mwingine Louis alipobadili dini baba alifanya nini. Jibu: baba alikasirika, akaendelea kumlipia Louis posho, na Jeanne, yule mfanyakazi aliyemsaidia Louis kuhama dini, hakufukuzwa kazi. Hebu rudieni hapo. Baba anayedaiwa kuua mtoto kwa kubadili dini alikuwa na mtoto mwingine hai aliyebadili dini, na aliyembadilisha anapika jikoni kwake.

Voltaire ana miaka 67 wakati huo, ana pesa nyingi (nyingine alizipata ujanani kwa kugundua na wenzake kwamba bahati nasibu ya serikali imekosewa hesabu, hilo uzi wake siku nyingine). Akaanza barua. Mawaziri, makabaila, mawakili, mfalme wa Prussia (dola ya Kijerumani). Akamshawishi mjane, Anne-Rose, aliyekuwa amejificha kwa majonzi, aende Paris. Akamtafutia wakili Élie de Beaumont. Akachapisha nyaraka za familia kimya kimya. Mwaka 1763 akatoa kile kitabu cha uvumilivu, Traité sur la tolérance, na sura yake ya kwanza ni kifo cha Calas, imeandikwa kama muhtasari wa jalada. Mbele kidogo yapo Maandiko, Warumi, Wachina, mpaka sala ya kumwomba Mungu kwamba wale wanaowasha mishumaa mchana kweupe kumtukuza wawavumilie wale wanaotosheka na mwanga wa jua lake. Hiyo sala mtumishi unaweza kuisoma madhabahuni kwako na hakuna atakayekukamata.

Mwezi Machi 1763 baraza la mfalme likaiamuru Toulouse ilete jalada. Juni 1764 hukumu ikafutwa. Tarehe 9 Machi 1765, miaka mitatu kamili tangu kura ile, majaji 40 kwa sauti moja wakamsafisha Jean Calas na nyumba yake yote. Mfalme akaipa familia livre 36,000 (livre ni fedha ya Ufaransa enzi hizo). Beaudrigue alikuwa ameshavuliwa cheo.

Kwa hiyo nikirudi kwenye ubishi wenu wa juzi: huyu mzee alipokuwa akimalizia barua kwa kuandika "ponda hilo la aibu", écrasez l'infâme, alikuwa na sura kichwani. Aliona paroko anasoma tangazo, jaji anasikiliza, gurudumu linasubiri. Sala ya Jeanne haikumkera, na alimsifia waziwazi.

Ustadhi wa Forodhani

Assalaam alaykum. Nimesoma kwa utulivu. Lakini ndugu yangu, huyu huyu ndiye aliyeandika mchezo wa kumtukana Mtume wetu, swalla Allahu alayhi wa sallam. Uvumilivu wake ulikuwa na mlango mwembamba.

Muuza Majora

Wa alaykum salaam, ustadhi. Umesema kweli na siwezi kuipaka sukari. Mchezo huo uliigizwa Lille mwaka 1741, ukafika Paris 1742 ukaondolewa baada ya kuonyeshwa mara tatu tu. Walioulazimisha uondolewe walikuwa Wakatoliki wa Paris, walioona wanasemwa wao kwa jina la mwingine. Voltaire mwenyewe akaja kumtunukia Papa Benedict wa 14 mchezo huo, ili wapinzani wake wakose la kusema. Ujanja mtupu. Lakini kutumia jina tukufu la watu wengine kama fimbo ya kumchapia jirani yako, hiyo ni dhuluma, hata kama jirani alistahili kuchapwa.

Nitaongeza kitu kimoja, si kwa kumtetea. Kwenye kitabu cha uvumilivu anawaambia Wafaransa watazame kwa Sultani wa Uturuki: anatawala mataifa ishirini ya dini mbalimbali kwa amani, na Wagiriki laki mbili wanaishi Istanbul bila hofu. Kama kawaida yake, Mwislamu amekuwa tena chombo cha kumsema Mfaransa. Safari hii angalau ni chombo cha heshima.

Ustadhi wa Forodhani

Jibu limenyooka. Allah atuongoze sote.

Binti Mnazi Mmoja

Kaka, na sisi watu weusi alituonaje? Maana hawa wanafalsafa wote wa Ulaya wa Zama za Mwangaza ukiwafunua ukurasa wa pili unakuta tumetukanwa.

Muuza Majora

Dada, ukurasa wa pili upo. Aliandika kwamba mtu mweusi ni jamii nyingine ya kiumbe, na akili yake ni ya chini. Si mara moja. Kuhusu Wayahudi naye aliandika maneno machafu, mpaka Isaac de Pinto, Myahudi wa Amsterdam, akamjibu kwa maandishi mwaka 1762. Voltaire akamwandikia kwa adabu, akakiri kwamba mistari ile ni ya dhuluma na kuahidi ataisahihisha. Hakuisahihisha inavyopasa. Mwaka ule ule anapigania Calas! Huwa naliwaza sana hilo.

Halafu mtu huyo huyo, kwenye hadithi yake Candide, 1759, anamweka mtumwa mweusi njiani kule Surinam. Amelala chini, hana mkono wa kulia, hana mguu wa kushoto. Anaeleza taratibu: kinu cha miwa kikikunyaka kidole wanakata mkono, ukitoroka wanakata mguu, mimi yamenipata yote mawili, na hii ndiyo bei ya sukari mnayokula Ulaya. Kisha anawasema wahubiri wa Kiholanzi waliombatiza. Kila Jumapili wanamwambia wote ni wana wa Adamu, weupe na weusi. Yeye si mtu wa nasaba, anasema, lakini kama ni kweli basi sote ni binamu, na mtakubali hakuna namna mbaya zaidi ya kumtendea ndugu yako.

Mimi hapo sina la kusuluhisha. Mkono ulioandika upuuzi ule ndio ulioandika huyu binamu.

Mzee wa Kijiweni

Swali la mwisho kwangu. Alikuwa jasiri au alikuwa mtu wa kuandika tu akiwa mpakani? Maana Ferney, umesema, hatua mbili uko Geneva.

Muuza Majora

Alikuwa mwoga wa kawaida kama mimi. Alichagua Ferney kwa sababu hiyo hiyo ya hatua mbili. Kamusi yake ya falsafa, ya 1764, aliikana kila alipoulizwa. Mwaka 1766 kule Abbeville walimkata kichwa kijana wa miaka 20, Chevalier de La Barre. Mashtaka: nyimbo za matusi, kutovua kofia maandamano ya watawa yalipopita, na msalaba wa darajani uliokatwakatwa bila aliyeona nani kakata. Walipomchoma wakaitupia motoni na nakala ya ile kamusi, kwa kuwa waliikuta chumbani kwake. Voltaire alivuka akaenda Rolle, Uswisi, eti kuoga maji ya tiba. Akawaza wote wahamie Prussia. Baada ya wiki kadhaa akarudi mezani, akaandika habari ya La Barre, akamtafutia kazi jeshini Prussia rafiki wa marehemu aliyefanikiwa kutoroka. Kesi ya familia nyingine ya Kiprotestanti, akina Sirven, aliisukuma mpaka 1771. Mwenyewe alisema iliwachukua saa mbili kuwahukumu na miaka tisa kuwasafisha.

Binti Mnazi Mmoja

Mimi nimebaki na Jeanne. Mfanyakazi wa ndani hatajwi kamwe kwenye hizi habari. Alipatwa na nini?

Muuza Majora

Ahsante kwa kumuuliza. Alikaa gerezani pamoja nao, akahojiwa, hakubadili neno. Kusema tu "bwana alifanya" kungemweka huru siku ile ile, na parokia nzima ingembeba. Alipotoka alimfuata mama Calas mpaka Paris, akaendelea na misa yake na kitubio chake.

Mwaka 1767, kesi imeshafungwa miaka miwili, uvumi ukatoka tena kusini: Jeanne amekufa, na kabla ya kukata roho ameungama kwamba Calas alimuua mwanawe kweli. Uvumi ukasambaa miji kadhaa. Jeanne alikuwa hai, yuko Paris. Ikabidi atoe tamko mbele ya ofisa kwamba yeye ndiye, hajafa, na alichosema 1761 ndicho hicho hicho. Voltaire akalichapisha.

Kuna picha ya familia hiyo, imechorwa na Carmontelle 1765 na kuchapwa ili iuzwe, fedha ziwasaidie. Lavaysse anasoma utetezi wa wakili, Pierre anachungulia juu ya bega lake, mama na mabinti wamekaa. Jeanne amesimama nyuma. Voltaire aliitundika karibu na kitanda chake pale Ferney.

Mvua imekatika, wateja hao wanaingia. Nitarudi jioni kujibu waliobaki.